Mtutu Nao ni Bunduki: Sheria Kuhusu Vipande vya Kubadilisha Kaliba ya Bastola

Haya ni mazungumzo ya wakili wa kaunti mbele ya wananchi barazani Litein. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Najua wengi wenu mmeacha vikapu shambani, na gari la majani halimngojei mtu wala halimngojei wakili. Kwa hivyo nitakwenda moja kwa moja kwa jambo lililonileta.

Baraza lililopita, tulipomaliza mambo ya hatimiliki za ardhi na watu wakaanza kuinuka, mzee mmoja alinivuta kando. Aliniuliza hivi: "Wakili, mimi nina bastola. Ina cheti cha serikali na sijawahi kuitumia vibaya. Kijana wangu aliye Marekani ameniambia kuna seti ya vipande ambayo unaifunga juu ya bastola hiyo hiyo, kisha inapiga risasi ndogo za bei nafuu. Anataka kunitumia nifanyie mazoezi. Bastola ni ile ile, mwenyewe ni yule yule. Kosa liko wapi?"

Nilimwambia: "Mzee, mwambie kijana asitume kitu kwanza. Nipe nafasi nilijibu swali lako mbele ya watu wote." Nilisema hivyo kwa sababu swali lile ni zuri, limeulizwa kwa nia safi, na jibu lake linaweza kumwepusha mtu mwema na gereza. Mhalifu hahitaji mafunzo haya. Anayeyahitaji ni yule anayetii sheria, aliye na cheti chake mfukoni, ambaye anadhani cheti hicho kinafunika kila kitu.

Jibu langu fupi ni hili. Mtutu wa bastola, hata ukiwa peke yake ndani ya boksi, bila mpini na bila risasi, kisheria ni bunduki. Anayeuleta, anayeununua au anayeuweka nyumbani bila idhini ana kesi ya bunduki. Sasa jibu refu.

Kwanza, ni nani mwenye mamlaka

Mambo ya polisi, usalama na silaha, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ni kazi ya serikali ya kitaifa. Serikali ya kaunti haitoi leseni ya bunduki. Gavana hatoi, mwakilishi wa wadi hatoi, na afisi yetu ya sheria haitoi. Mwenye mamlaka hayo ni Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, iliyoundwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya. Kazi yetu sisi wa kaunti ni kuwaelimisha wananchi. Mtu yeyote akikwambia kwamba "ana mtu kaunti" wa kukufanyia mpango wa karatasi za bunduki, huyo anatafuta pesa zako, na pengine anakutafutia na kesi.

Sheria hiyo ni ya zamani. Ilitungwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na imefanyiwa marekebisho mara nyingi tangu hapo. Lakini nguzo yake kuu haijabadilika: hakuna mtu anayeruhusiwa kununua, kupata au kuwa na silaha au risasi isipokuwa awe na cheti, na cheti hicho kiwe kinaihusu silaha ile ile aliyo nayo.

Pili, seti yenyewe ni kitu gani

Kaliba ni kipimo cha upana wa mtutu na cha risasi inayopita ndani yake. Mkisikia mtu akisema bastola ya milimita 9, hiyo ni kaliba. Kuna kaliba ndogo iitwayo pointi 22, ambayo risasi yake ni nyembamba, bei yake kwa kawaida ni nafuu, na haipigi teke sana mkononi. Ndiyo maana wanaojifunza kulenga shabaha huipenda.

Bastola nyingi za siku hizi zimegawanyika sehemu mbili kubwa. Chini kuna fremu, yaani mwili wenye mpini unaoshikwa mkononi. Juu kuna mtutu, pamoja na kile chuma kinachoteleza kwenda nyuma na kurudi mbele kila risasi inapotoka. Seti ya kubadilisha kaliba kwa kawaida huwa ni ile sehemu ya juu: mtutu mwingine, chuma cha kuteleza kingine, springi yake, na magazini ya kubebea risasi za kipimo kipya. Nyingine huwa ni mtutu peke yake.

Kwa macho ya mwenye duka huko ng'ambo, hivyo ni vipuri. Kwa macho ya sheria ya Kenya sivyo. Sura ya 114 inapoeleza maana ya bunduki haiishii kwenye silaha nzima. Inataja pia mtutu, bolti, chemba na kipande kingine chochote cha lazima cha silaha hiyo. Inataja hata kifaa cha kupunguza sauti au mwako wa risasi. Vyote hivyo vimeingizwa ndani ya neno hilo moja. Kwa hiyo mzee wetu akipokea boksi lile, sheria haimwoni kama mtu mwenye bastola moja na vipuri vyake. Inamwona mtu mwenye silaha moja iliyo na cheti na silaha nyingine isiyo na cheti.

Tatu, cheti kinasema nini

Wakulima, hebu tulinganishe na mambo yetu. Ukipeleka majani kituoni, karani wa mizani anaandika kilo zako kwenye namba yako ya mkulima. Zile kilo zilizoandikwa ndizo zako. Jirani yako, hata mkipendana namna gani, hawezi kupitishia majani yake kwenye namba yako kisha mkasema mambo ni sawa. Namba ina shamba lake na hesabu zake.

Cheti cha bunduki ni vivyo hivyo. Kinaonyesha aina na idadi ya silaha zinazohusika, masharti ambayo mwenyewe amepewa, na kiasi cha risasi anachoruhusiwa kununua na kuwa nacho kwa wakati mmoja. Kama cheti kimeandika bastola moja ya milimita 9, basi hicho ndicho kilichopimwa. Mtutu wa pointi 22 haukupimwa, na risasi za pointi 22 hazikupimwa. Ukivileta, umepitisha kitu kwenye namba isiyokihusu.

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Wanadhani wanaomba leseni ya kuwa mtu mwenye bunduki, kama vile leseni ya udereva inayomruhusu mtu kuendesha gari lolote dogo. Sivyo. Cheti kimemfunga mtu fulani kwa silaha fulani. Kifananisheni na kitabu cha gari. Ukitoa injini ya Probox yako na kuweka nyingine, kitabu hakijui mpaka uende ukatoe taarifa ibadilishwe. Ukikamatwa njiani kabla ya hapo, namba iliyo kwenye injini na ile iliyo kitabuni hazisemezani, na wewe ndiye utakayetakiwa kueleza.

Sheria imeacha mlango. Mwenye cheti anaweza kuomba kibadilishwe ili kifunike silaha au kipande kingine. Lakini ombi hilo hutangulia, na chuma hufuata baada ya kukubaliwa. Wanaosema "nitaandikisha kikifika" wameanza na mwisho.

Tena msisahau risasi. Risasi zina hesabu yake peke yake. Mtu anaweza kukutwa hana bunduki hata moja, lakini ana risasi isiyokuwa kwenye cheti chake, na hilo likawa kosa kamili. Hata risasi moja iliyosahauliwa kwenye droo ya kabati.

Na adhabu? Kuwa na silaha bila cheti ni kosa la jinai ambalo kifungo chake huhesabiwa kwa miaka. Mahakama inaweza kusikiliza maelezo yako, lakini kutojua sheria si kinga.

Nne, kwa nini sheria ni kali juu ya kipande

Mzee wetu aliuliza kosa liko wapi, nami sitaki kumjibu kwa kusema tu kwamba sheria ndivyo ilivyo. Sababu ipo.

Ndani ya mtutu wa bastola kuna mifereo iliyozungushwa kama uzi wa skrubu. Risasi ikipita humo inachorwa, na michoro hiyo huwa alama ya mtutu ule. Ganda la risasi nalo, lile linaloruka na kuanguka chini, linabaki na alama za chuma kilicholigonga na kulisukuma nyuma. Wataalamu wa uchunguzi wakiokota risasi na maganda mahali palipotendeka uhalifu, hutazama alama hizo na kuzilinganisha na za bunduki inayoshukiwa. Tuseme kila bunduki ina saini mbili: moja kwenye risasi, nyingine kwenye ganda.

Sasa oneni seti inafanya nini. Ukitoa sehemu ya juu na kuweka nyingine, umebadilisha saini zote mbili kwa wakati mmoja. Fremu iliyobaki chini, ile yenye namba inayojulikana na serikali, haikuacha alama yoyote kwenye risasi. Mtutu usioandikwa popote ukitumika kuua mtu, kisha ukatupwa mtoni, uchunguzi umepoteza njia. Ndiyo sababu sheria haikutaka mtutu uzunguke mitaani kama kipuri cha baiskeli.

Naomba mzee asidhani kwamba tunamshuku. Lakini chuma kina maisha marefu kuliko nia ya mtu. Leo kiko kabatini kwako. Kesho nyumba imevunjwa, au wewe hauko tena, au mtu wa nyumbani amekiuza bila wewe kujua. Kama hakikuandikwa, huwezi hata kwenda polisi kusema kimeibwa, maana utakuwa unaripoti kosa lako mwenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa silaha, habari huja, lakini huja ikiwa mbaya.

Na hili si la Kenya pekee. Tarehe 21 Aprili 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kuzuia na kupunguza silaha ndogo ndogo, kwa sababu silaha zilikuwa zikivuka mipaka yetu kama mbuzi wasio na mchungaji. Kabla ya hapo, mwaka 2001, Umoja wa Mataifa ulikuwa umepitisha itifaki yake juu ya silaha. Itifaki hiyo inataja waziwazi mtutu, fremu, chuma cha kuteleza, bolti na vifaa vya kupunguza sauti kuwa sehemu zinazopaswa kudhibitiwa. Kenya imejiunga nayo. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba ni ukali wa polisi wa hapa tu.

Tano, mambo ya watoto wetu walio ng'ambo

Nchi hii ya majani chai ina watoto wengi nje: wanariadha, wauguzi, wanafunzi, madereva wa malori. Tunawashukuru, maana wamejenga nyumba na kulipa karo. Lakini lazima tuwaambie ukweli huu.

Kule Marekani, sheria ya nchi nzima ya mwaka 1968 inaihesabu fremu ya bastola kuwa ndiyo silaha. Mtutu na chuma cha juu, kwa sheria hiyo, kwa kawaida haviandikishwi. Kijana anaweza kuviagiza na vikaletwa mlangoni kwake kama viatu. Kwa hiyo anapomwambia baba yake, "Mzee, hiki si bunduki, ni kipuri tu," hadanganyi. Anasema ukweli wa mahali alipo. Kosa lake ni kudhani kwamba ukweli huo unapanda ndege pamoja na mzigo.

Mzigo ukitua Nairobi au Eldoret, umeingia chini ya sheria nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaziweka silaha na risasi za Sura ya 93 ya orodha ya forodha miongoni mwa bidhaa zenye masharti. Sura hiyo ya orodha inahusu silaha, risasi na pia sehemu zake. Bila kibali kilichotangulia, mzigo huo unazuiwa na mwenyewe anatafutwa. Aliyeandika kwenye fomu kwamba ni vipuri vya mashine ya majani ameongeza kosa la pili, la kutoa maelezo ya uongo kwa forodha.

Wako wanaosema, "Nitaweka ndani ya begi katikati ya nguo, nani ataona?" Chuma hakifichiki kwenye mashine ya uwanja wa ndege. Na anayebeba mara nyingi si mwenye mali. Ni shangazi anayerudi likizo, aliyeombwa abebe boksi dogo la mjomba. Huyo shangazi ndiye atakayelala korokoroni. Tafadhali, msibebe boksi msilolijua, hata likiwa la ndugu wa tumbo moja. Kupeleka vipande vya silaha nje ya Marekani nako kuna masharti ya Marekani yenyewe, hivyo kijana anaweza kujitia taabani pande mbili za bahari.

Sita, mafundi

Tuna mafundi hodari hapa Litein, Kapkatet, Sotik na Kericho mjini. Wanachomelea, wanachonga, wanatengeneza pampu na mashine za kukata majani. Nawaomba sana: mtu akikuletea bastola au kipande chake umpanulie, umfupishie au umfungie kitu, kataa. Kutengeneza, kurekebisha na kuuza silaha ni kazi ya mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa, na huyo hutakiwa kuweka daftari la kila kinachoingia na kutoka. Fundi ambaye hajasajiliwa akifanya kazi hiyo, hata kwa shilingi mia mbili, amefanya biashara ya silaha bila idhini.

Tena kuna hatari ya mwili. Mtutu na risasi visipolingana, mgandamizo wa baruti unaweza kuipasua bastola mkononi. Vidole havirudi, na macho hayarudi.

Na kuna jambo ambalo ningependa lieleweke na kila kijana. Vipo vifaa vya kuifanya bastola ifyatue risasi mfululizo mtu akiwa amebana kidole mara moja tu. Hapo tumetoka kwenye habari ya kubadilisha kaliba. Hiyo kisheria ni silaha iliyopigwa marufuku, na msitarajie kwamba cheti cha kawaida cha raia kitaifunika. Anayekuletea habari ya kifaa hicho kwa simu anakuletea habari ya kifungo.

Saba, ufanye nini

Nitayasema polepole, na aliye na kalamu aandike.

Kama una cheti na unataka seti ya kubadilisha kaliba, usinunue kwanza. Chukua cheti chako, andika maelezo kamili ya kipande unachokitaka: mtengenezaji, kaliba, namba kama ipo, na muuzaji aliyesajiliwa utakayenunua kwake. Andika pia sababu yako. Peleka ombi kwa Bodi la kubadilisha cheti, na ueleze kiasi cha risasi za kaliba hiyo unazoomba. Bodi inatakiwa iridhike kwamba una sababu nzuri na kwamba wewe kuwa na silaha hiyo hakuhatarishi usalama wa watu. Sheria inamzuia pia mlevi wa kupindukia na mtu asiye na akili timamu. Bodi ikikataa, umekataliwa kwenye karatasi tu, hujapoteza kitu. Ikikubali, subiri mabadiliko yaonekane kwenye cheti kabla ya kugusa chuma.

Kama kipande kinatoka nje ya nchi, mabadiliko ya cheti peke yake hayatoshi. Unahitaji pia kibali cha kuingiza silaha nchini, nacho kitangulie mzigo. Njia rahisi na salama ni kupitia kwa mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa.

Kama hujui kitu fulani ni kipande cha lazima au ni pambo tu, uliza. Mkoba wa ngozi wa kubebea bastola ni mkoba. Mtutu ni bunduki. Kati ya hivyo viwili viko vitu vingine, kama magazini, ambavyo mtu mwenye busara havinunui kwa kubahatisha. Uliza kwa maandishi, na utunze jibu.

Kama tayari unacho nyumbani na hakimo kwenye cheti, usikizike shambani, usikitupe mtoni, usimpe jirani akufichie. Ukifanya hivyo umeongeza makosa na watu. Zungumza na wakili, kisha uende kwa mkuu wa kituo cha polisi ukaeleze kabla hujakamatwa. Kwanza toa habari ili mpatane namna kitakavyochukuliwa, usitembee nacho kwenye matatu. Ukikikabidhi, dai maandishi ya kuonyesha umekabidhi nini, lini na kwa nani. Sitawadanganya kwamba kujisalimisha kunafuta kosa. Serikali hutangaza msamaha kwa nyakati zake, na nje ya nyakati hizo sheria inabaki palepale. Lakini aliyekuja mwenyewe na aliyekutwa usiku wa msako hawasikilizwi kwa sikio moja.

Na hakikisheni vyeti vyenu havijapitwa na wakati. Mtakumbuka kwamba Desemba 2018 serikali iliagiza raia wote wenye bunduki wapitie uhakiki upya, na ikawapa siku 90. Anayekaa na karatasi ya zamani akidhani bado inamlinda, na ahakikishe leo.

Nane, akina mama na nyumba iliyobaki

Nimeacha hili mwisho kwa sababu ndilo linaloniletea watu afisini wakiwa na machozi.

Mwenye bunduki akifariki, bunduki hairithiwi kama shamba au ng'ombe. Cheti kilikuwa chake, nacho hakihamii kwa mjane wala kwa kifungua mimba. Siku mama anapofungua kabati na kukuta bastola, boksi la mtutu wa ziada na risasi za vipimo viwili, anatakiwa atoe habari polisi mapema ili vichukuliwe na viwekwe salama. Kama kuna mtoto anayetaka kuichukua silaha hiyo, aombe cheti chake mwenyewe, achunguzwe yeye mwenyewe.

Sasa fikirini. Kama kila kitu kimeandikwa kwenye cheti, mama anapeleka karatasi, wanahesabu, wanapokea, yanakwisha. Kama kuna vipande ambavyo havimo popote, mama huyu, ambaye yuko katika matanga, ndiye anayeulizwa vimetoka wapi. Hajui. Aliyejua amelala chini ya mchanga. Mwanamume anayempenda mkewe hamwachii fumbo la namna hiyo.

Kwa hivyo, waume, waambieni wake zenu kuna nini na karatasi ziko wapi, bila kuwapa ufunguo watoto. Silaha ifungwe, isilale chini ya mto. Ikipotea au ikiibwa, toa habari polisi mara moja, siku hiyo hiyo.

Na ninyi mlio wengi, ambao hamna bunduki wala hamtaki kuwa nayo, msidhani nimewapotezea wakati. Ninyi ndio mnaobebeshwa maboksi. Ninyi ndio mafundi, wasafirishaji wa mizigo, wajakazi, watoto wanaocheza chini ya kitanda. Msimu wa bonasi, pesa zinapokuwa nyingi mikononi, ninyi ndio mnaovamiwa na bunduki zisizojulikana zilikotoka. Kila mtutu ulioandikwa ni mtutu mmoja usioweza kutumika gizani. Mkiona silaha au kipande cha silaha mahali pasipostahili, msikiguse. Mwambieni chifu au polisi, au pigeni 999 au 112.

Sasa namrudia mzee wetu, ambaye namwona pale kwenye mti amekaa ananisikiliza. Mzee, uliniuliza kosa liko wapi ikiwa bastola ni ile ile na mwenyewe ni yule yule. Mwenyewe ni yule yule, ni kweli. Lakini bastola si ile ile tena. Ikishafungwa mtutu mwingine, inapiga risasi nyingine na kuacha alama nyingine, na karatasi yako haiijui. Hukukosea kuuliza. Ungekosea kama ungengoja boksi lifike ndipo uulize.

Nendeni na maneno manne tu: karatasi kwanza, chuma baadaye. Mwambieni na yule aliye mbali, kwa simu leo jioni, kabla hajaenda posta.